Beki Mkongwe Aliyemaliza Mkataba: Asajiliwe kwa Masharti Gani?



Dirisha la usajili likikaribia kufungwa, halikosi jina la beki wa kati aliyemaliza mkataba kufika mezani. Ana miaka 34 au 35, amecheza mechi kubwa, na wakala wake anasisitiza kwamba hakuna klabu ya kulipwa ada ya uhamisho. Mimi nautetea usajili wa namna hii, ila kwa sharti moja: kocha aeleze kwanza nani atacheza pembeni ya mkongwe huyo, na mabeki watasimama umbali gani kutoka golini kwao. Asipoeleza, kamati isitie saini.

Mfano ninaouona una mafunzo mengi ni wa Thiago Silva. Agosti 28, 2020, siku tano tu baada ya kupoteza fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na PSG, alijiunga na Chelsea kama mchezaji huru. Alikuwa na miaka 35, na ulibaki chini ya mwezi mmoja atimize 36. Mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa ugenini kwa West Bromwich Albion. Akiwa mtu wa mwisho nyuma, mpira ulimponyoka mguuni, Callum Robinson akauchukua na kufunga. Chelsea walijikuta nyuma kwa mabao 3 kabla ya kusawazisha yote. Wengi walisema mzee amekwisha.

Januari 2021 akaja Thomas Tuchel, aliyekuwa amemfundisha PSG, akapanga mabeki watatu. Silva akawekwa katikati; kulia kwake César Azpilicueta, kushoto Antonio Rüdiger. Kazi ya kukimbizana na mawinga ikawa ya hao wawili, yeye akabaki na ile anayoiweza kuliko wengi: kusoma pasi kabla haijapigwa, kuwapanga wenzake, kuanzisha mashambulizi kwa utulivu. Alikuwa mchezaji yuleyule mwenye miguu ileile. Kilichobadilika ni eneo alilopewa kulinda.

Hata hivyo, umri haukufutika. Mwezi Februari aliumia akakaa nje wiki kadhaa. Aliporudi Aprili, tena dhidi ya West Bromwich, alitolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 29, na Chelsea wakafungwa 5-2. Halafu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Mei 29, 2021 mjini Porto: dakika ya 39 aliumia, akaingia Andreas Christensen mwenye miaka 25. Manchester City hawakupata bao na Chelsea wakachukua kombe kwa 1-0. Naomba viongozi muitazame dakika ile kwa makini. Kombe lilibaki salama kwa sababu benchi lilikuwa na beki kijana aliye tayari. Klabu inayomsajili mkongwe huku ikimwachia kijana wake aondoke, siku kama hiyo itamwingiza nani?

Hapa nyumbani tunao mfano wa Pascal Wawa wa Ivory Coast, aliyejiunga na Simba mwaka 2018 akiwa amevuka miaka 30, baada ya kupitia Azam na El Merreikh. Msimu wa 2020/21, Joash Onyango alipofika kutoka Gor Mahia, wawili hao wakawa nguzo ya ukuta wa Simba. Katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba iliongoza kundi lenye Al Ahly, AS Vita na El Merreikh, ikiruhusu mabao 2 tu katika mechi 6. Onyango alikuwa na nguvu za kukabana mwili kwa mwili; Wawa alikuwa na jicho. Pacha wa namna hiyo hutafutwa, haji kwa bahati.

Sasa fedha. Mchezaji huru hudai dau la kusaini, mshahara mkubwa na bonasi, na wakala ana chake. Klabu ikishindwa kulipa, mchezaji hupeleka madai FIFA, na adhabu ya kufungiwa kusajili tunaifahamu sote. Kwa hiyo urefu wa mkataba ndio ulinzi wetu. Chelsea walimpa Silva mwaka mmoja wenye kipengele cha kuongeza mwingine, wakaendelea kumwongeza kidogo kidogo hadi alipoondoka 2024. PSG walimpa Sergio Ramos miaka miwili moja kwa moja Julai 2021, ingawa msimu uliotangulia alisumbuliwa sana na majeraha Real Madrid. Mechi yake ya kwanza alicheza Novemba 28. Msimu wa pili alicheza vizuri na mara nyingi, nakiri hilo, lakini ni klabu ngapi zetu zinaweza kulipa mshahara miezi minne kumsubiri mtu apone?

Wala hakuna sababu ya kusaini kwa pupa. Kanuni za FIFA zinatoa nafasi ya kumsajili hata baada ya dirisha kufungwa mchezaji ambaye mkataba wake uliisha kabla ya dirisha hilo kufungwa. Viongozi wasome pia kanuni za shirikisho na za ligi yao. Arsenal walimwacha Sol Campbell afanye mazoezi nao kwa miezi kadhaa kabla ya kumsajili Januari 2010, akiwa na miaka 35. Mwezi uliofuata alifunga bao dhidi ya Porto kwenye Ligi ya Mabingwa.

Napendekeza basi: wiki tatu za mazoezi na mechi za kirafiki, daktari apewe rekodi ya majeraha ya misimu miwili iliyopita, mkataba wa mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya malipo ifuate mechi anazocheza. Mkongwe anayejiamini ataona masharti haya ni ya haki. Akiyakataa, nafasi yake apewe kijana wa timu ya vijana.