Kireno cha Msafiri wa Migori na Homa Bay



Mtu atokaye Migori akapita Isebania huvuka mpaka na kuingia Sirare bila kubadili lugha. Kiswahili humchukua hadi Musoma, humchukua hadi Dar es Salaam, humfikisha hata Mtwara. Lakini akisha kuvuka mto Ruvuma, labda kwa lile Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010, ataona vibao vya njiani vimegeuka. Hapo ni Msumbiji, nchi iliyopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 na kuendelea kutumia Kireno kuwa lugha ya serikali. Katika pwani ya kaskazini wako wenyeji wengi wajuao Kiswahili. Ila askari wa mpakani, karani wa forodha na mwuguzi wa hospitali huandika kwa Kireno. Ni kweli kwamba Jumuiya ya SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, lakini hati za mkutano hazimsaidii mtu aliyesimama peke yake katika kituo cha basi usiku. Na kabla ya yote yampasa msafiri aulize habari za njia, kwa maana katika jimbo la Cabo Delgado vita vilizuka Oktoba 2017 vikawafukuza watu wengi makwao.

Jambo la kumtia moyo ni kwamba haanzi mikono mitupu. Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, wakaipoteza mwaka 1698. Katika nchi ya Ziwa hawakutawala kamwe. Hata hivyo maneno yao yalibaki midomoni mwa Waswahili, na Kiswahili kikayapandisha bara kwa misafara, kwa reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, kwa shule na kwa maduka. Leo mama auzaye mananasi ya Rangwe hutumia neno la Kireno, ananás. Bendera ya chifu ni bandeira. Mvinyo ni vinho, padri ni padre, na pipa ni pipa vile vile. Vijana wachezao karata chini ya mti, wanapotaja kopa na turufu, wanasema Kireno bila kujua. Na lile neno uru katika karata ni ndugu wa ouro, yaani dhahabu, neno ambalo mchimbaji wa Macalder hatalisahau akilisikia mara moja.

Neno meza ndilo la kupendeza kuliko yote. Mreno huandika mesa, lakini hutamka meza. Mswahili alishika sauti yake. Mjaluo, ambaye lugha yake haina sauti ya z, husema mesa, na kwa hivyo huliandika neno hilo sawasawa na Mreno mwenyewe.

Lakini urafiki huu wa maneno una hatari zake. Gereza la Kiswahili limetoka katika igreja, na igreja ni kanisa. Msafiri akiambiwa kwamba nyumba ya wageni iko nyuma ya igreja, asigeuke na kukimbia! Mahali pa kufungia watu ni prisão, au cadeia. Akitaka mapera kama yale ya Rongo, aombe goiaba, kwa sababu pêra ni tunda jingine la nchi za baridi. Na bibi wa Homa Bay atakayeuliza leso dukani atapewa kitambaa kidogo cha mkononi au cha kichwani, maana hicho ndicho lenço. Nguo ya kujifunga kiunoni huko Msumbiji huitwa capulana, nayo ni nzuri sana.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo mlango wa hasara. Moja hadi kumi ni um, dois, três, quatro, cinco, seis, sete, oito, nove, dez. Mia ni cem, elfu ni mil. Mtego umo katikati: seis ni sita, na sete ni saba. Sikio lililozoea Kiswahili likisikia sete hukimbilia sita. Mfanyabiashara akiambiwa sete mil naye akahesabu elfu sita, muuzaji atamwona mdanganyifu, na ugomvi utazuka baina ya watu wawili wasio na kosa. Kwa hiyo aulize Quanto custa?, yaani bei gani, kisha amwombe mwenye duka aiandike bei kwenye karatasi. Fedha ya nchi huitwa metical, na zikiwa nyingi ni meticais.

Saa nazo zataka uangalifu. Mswahili na Mjaluo wote huhesabu saa tangu jua kuchomoza, lakini Mreno huanza usiku wa manane. Basi la safari ndefu, ambalo wenyeji wa Msumbiji huliita machimbombo, likitangazwa kuondoka às cinco da manhã, maana yake si saa tano bali saa kumi na moja alfajiri. Msafiri anayeshika neno tano atafika na mizigo yake jua likiwa limepanda, akute vumbi tu.

Siku za juma zina mkanganyo mkubwa zaidi. Mjaluo huhesabu siku za kazi, naye Jumanne kwake ni tich ariyo, kazi ya pili. Mswahili huanza kuhesabu Jumamosi, ndiyo maana Jumanne kwake ina nne. Mreno huanza Jumapili, ingawa hiyo yenyewe huiita domingo. Basi Jumatatu ni segunda-feira, ya pili, Jumanne ni terça-feira, ya tatu, na kadhalika mpaka sexta-feira, ambayo ni Ijumaa. Siku moja ina namba tatu kwa watu watatu! Mtu akiahidiwa karatasi zake quinta, asifikiri ni Jumatano kwa kuwa neno hilo lina tano ndani yake. Ni Alhamisi. Na ajabu ni hii, kwamba jina Alhamisi lenyewe lilitoka kwa Waarabu likiwa na maana ya siku ya tano. Hapo Mreno na Mwarabu wamepatana. Jumamosi ni sábado.

Kuhusu matamshi, herufi nh husomwa ny, kama katika amanhã, yaani kesho. Herufi h mwanzoni mwa neno haisikiki. Neno não, yaani la au hapana, hutamkwa puani. Msumbiji hutamka s ya mwisho kama sh, hivyo dois husikika doish. Mtu asiyezoea sauti ya sh aseme s tu, ataeleweka.

Salamu ni Bom dia asubuhi, Boa tarde baada ya adhuhuri, Boa noite usiku. Huko, kama kwetu Afrika kote, kumkabili mtu na haja yako kabla ya kumsalimu ni utovu wa adabu, na hasa mbele ya askari salamu iliyotamkwa vibaya ni bora kuliko kunyamaza. Akisemeshwa haraka haraka, aseme Não percebo, sielewi, na Fale devagar, por favor, sema polepole tafadhali. Akitaka kupita kati ya watu, Com licença.

Yaliyobaki ni machache, lakini ndiyo yanayostahili kuandikwa kwenye kipande cha karatasi na kutiwa mfukoni pamoja na pasipoti, kwa kuwa mtu mwenye homa husahau hata lugha ya mama yake. Estou doente, mimi ni mgonjwa. Dói-me aqui, naumwa hapa, huku akionyesha mahali kwa kidole. Preciso de um médico, nahitaji daktari. Água, maji. Onde fica o hospital?, hospitali iko wapi. Na neno hili fica, ambalo husikika kama fika ya Kiswahili, halimtoki mtu kichwani kwa urahisi. Hatari ikizidi, apige kelele Socorro!, naye aliye karibu atakuja.

Akisha kusaidiwa, mwanamume hushukuru kwa kusema obrigado, na mwanamke husema obrigada. Neno hilo hufuata anayeshukuru, si anayeshukuriwa; kwa hiyo mama wa Mbita atasema obrigada hata kama daktari ni mwanamume.