Mnyama Barabarani: Maneno kwa Madereva wa Malori

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wale waliokuwa safarini.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu madereva, na nyinyi mataniboi mlioketi kule nyuma karibu na mlango:

Tumeombwa tuseme juu ya wanyama wanaoingia barabarani, na twaona baadhi yenu mnacheka. Mwasema, dereva wa miaka ishirini afundishwe nini juu ya mbuzi? Basi sikilizeni kwanza habari za wenzetu wawili.

Wa kwanza alikuwa akishuka kutoka Nairobi usiku na mzigo wa mabati, amekwisha pita Emali. Punda alikuwa amesimama katikati ya lami. Mwenzetu akakata usukani kulia, akaona matatu inakuja, akaukata tena kushoto. Tela ikamvuta, lori likalala ubavu mtaroni. Yeye alitoka na michubuko. Taniboi wake alilazwa hospitali miezi minne, na mpaka leo hatembei bila gongo.

Wa pili alikuwa barabara ya Narok, jioni, ng'ombe wakavuka mbele yake. Huyu alishika usukani, akakanyaga breki gari likiwa limenyooka, akamgonga ng'ombe mmoja. Lori lilisimama juu ya magurudumu yake. Taa moja ilivunjika, na hakuna mtu aliyeumia.

Sasa sikieni hesabu ya tajiri. Wa kwanza alikatwa mshahara kwa ajili ya mabati. Wa pili alikatwa mshahara kwa ajili ya ng'ombe. Aliyekosea na aliyefanya sawa wamepewa dawa moja. Ndiyo maana sisi twasema kwamba mkono wa dereva haukati usukani kwa kumhurumia mnyama tu. Hukata kwa hofu. Dereva anamwona ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe anamwona mwenye ng'ombe na rungu lake, na nyuma ya huyo anamwona karani wa mishahara na kalamu.

Kwanza tuseme juu ya mikono na miguu, halafu tutarudi kwa karani.

Lori limeruhusiwa kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo linakwenda mita 22 kila sekunde. Kabla mguu haujafika kwenye breki, mita 30 zimekwisha. Likiwa na mzigo, breki zikiwa nzima na lami kavu, lataka mita nyingine 50 au 60 mpaka lisimame. Taa zako ukiziinamisha hazikuonyeshi mita 90. Kwa hivyo anayekwenda 80 usiku kwa taa za chini, mnyama akimwona huwa amekwisha mgonga. Kwa kilomita 50, mita 45 hivi zatosha. Mahali palipo na ng'ombe au wanyama wa porini, hasa alfajiri na magharibi, huo ndio mwendo wetu, hata kama ofisini wanapiga simu kuuliza uko wapi.

Mnyama akitokea ghafula: kanyaga breki, shika usukani, baki upande wako. Lori lenye mzigo mrefu au tela haligeuki kama gari dogo, huanguka. Tangi la mafuta lililojaa nusu ndilo baya zaidi, maana mafuta yenyewe hukimbilia upande na kulisukuma. Malori mapya yana breki zisizofunga magurudumu, basi kanyaga mpaka mwisho wala usiachie. Lori la zamani likifunga magurudumu, achia kidogo ukanyage tena. Mbwa au sungura, na nyuma yako kuna basi limekukaribia, hata breki ya nguvu usiipige. Ni neno gumu kulisema, lakini basi lile lina watu.

Mbuzi na kondoo pigieni honi mkiwa mbali. Ukipiga karibu hutawanyika, na aliyekwisha vuka hurudi kwa mama yake. Punda hajali honi, msubirini. Na nyuma ya mifugo karibu siku zote yupo mtoto mchungaji, naye atamkimbilia ndama bila kutazama gari. Yale tuliyosema ya kugonga ukiwa umenyooka ni ya wanyama. Kwa ajili ya mtoto yule punguza mwendo mapema, tangu unapoona vumbi la kundi.

Ndovu tumemweka peke yake. Tangu mwaka 1948 barabara ya Mombasa inapita katikati ya mbuga mbili, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu hawajui mpaka. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ina njia za wanyama chini yake, lakini ndovu akiisha pita chini ya reli hukutana na lami yetu. Ndovu dume mkubwa aweza kufika tani sita. Usiku mwili wake una rangi ya giza, na jicho lake liko juu ya mwanga wa taa zako, kwa hivyo usingoje kuona macho yaking'aa kama ya ng'ombe. Ukimwona, simama mbali, inamisha taa, washa taa za hatari kwa walio nyuma, wala usipige honi. Akivuka mmoja, ngoja. Huenda wengine na watoto wao wangali vichakani. Taniboi asishuke kupiga picha! Tumeyaona hayo, na haifai.

Ukimgonga mnyama wa mtu, ng'ombe, punda, mbuzi au ngamia, sheria ya barabara yataka usimame, na upige ripoti polisi upesi, isizidi saa 24. Watu wakikujia kwa mawe na marungu, nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukaseme huko huko. Piga picha za alama za breki na za gari. Usitie sahihi karatasi yoyote njiani. Na nyama ya mnyama wa porini usiipakie, hata kama amekwisha kufa. Hiyo ni kesi nyingine, nzito kuliko ya kwanza.

Sasa karani. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali aliyokuwa nayo ikiharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi, tena kiasi cha haki. Makusudi, ndugu zangu. Aliyekanyaga breki na kubaki upande wake amekusudia nini? Na ng'ombe wa mfugaji alikuwa mali ya tajiri tangu lini? Mambo ya kulipa mifugo na ayamalize mwenye lori na watu wake wa bima.

Kwa hivyo kila aliyekatwa pesa kwa sababu ya mnyama alete karatasi zake za mshahara na namba ya ripoti ya polisi kwa katibu, Jumamosi baada ya saa nane. Yule mwenzetu wa Narok amekwisha leta zake.