Utelezi wa Kijani na Sumu Isiyoonekana

Maneno tuliyotoa mbele ya kamati, Kisiwa cha Bwejuu, Mafia



Bwejuu haina mto, lakini Mafia inatazamana na delta ya Rufiji, na maji yatokayo bara huishia katika bahari hii. Kwa hiyo afya ya vijito vya bara inatuhusu.

Ule utelezi wa kijani juu ya mawe ya kijito ni mwani wa maji baridi. Hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Konokono na wadudu huula, samaki huwala hao, nasi tunakula samaki. Shaba ikizidi majini, mwani hudhoofika. Aina dhaifu hufa, aina sugu hubaki. Kijito huonekana kibichi kumbe kinaumwa. Risasi na kadimiamu hunaswa na mwani. Zebaki huzidi kukolea kila hatua, hadi kwa mlaji samaki. Metali haziozi.

Mwaka 1999 wataalamu walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam. Ndani yake mlikuwa na risasi, kadimiamu, shaba na zinki.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi. Kinga ni kuzuia. Tunaomba kila kamati itenge mahali pakavu, mbali na kisima, pa kukusanyia betri kuukuu za redio na za sola. Zisichomwe wala kufukiwa. Wafadhili, tusaidieni mapipa na nauli ya kuzipeleka bara. Kisima kikishaingia sumu hii, hakisafishiki kwa urahisi.