Amri ya Tano: Usimfukuze Mwenye Mimba

Wakristu wapenzi, leo twaendelea na amri ya tano, ile inayokataza kuua. Pengine mtu atasema moyoni: «Mimi sikuua mtu.» Asikilize kwanza.

Msichana amepata mimba pasipo ndoa. Baba yake akasirika, atupa mkeka wake nje: «Mfuate aliyekupa mimba!» Naye mwanamume huyo amekwisha kumkana. Basi, msichana alala jikoni kwa jirani, penye moshi na unyevu, bila chandarua. Mbu wamwuma, malaria hupunguza damu ya mama, na mtoto huweza kuzaliwa mdogo na dhaifu. Kwa haya haendi kwa mkunga. Hivyo akosa dawa ya kuzuia malaria, itolewayo tangu mwezi wa nne. Wala haambiwi kwamba kutoka damu, kuumwa sana kichwa, au kuvimba uso na mikono, ni dalili za kukimbilia hospitali mara moja. Wakifa, yeye na mtoto, ni nani atakayesema mikono yake ni safi?

Kumbukeni Hagari, mtumishi wa Sara, katika kitabu cha Mwanzo. Alikuwa na mimba, akateswa, akakimbilia jangwani. Malaika alimwuliza atokako na aendako, wala hakumlaani. Baadaye alifukuzwa pamoja na mwanawe. Maji yalipowaishia, Mungu alimfumbua macho akaona kisima.

Kanisa halisemi kwamba uasherati si dhambi. Lakini dhambi ina Kitubio, na mtoto aliye tumboni hakutenda kosa lolote. Tena wako wanawake waliotendewa kwa nguvu. Hao hawana hatia. Mwanamume amkimbiaye mtoto wake, huyo ana deni mbele ya Mungu.

Baba, mpe binti yako pahali pasipovuja, na chandarua. Mama, mpeleke kwa mkunga kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Nanyi majirani, wekeni akiba na machela tayari kwa siku ya kuzaa.

Ulizo: Amfukuzaye mwenye mimba atenda dhambi gani?
Jibu: Avunja amri ya tano, kwa kuwa ahatarisha uhai wa watu wawili.

Ulizo: Afanyeje aliyekwisha kumfukuza?
Jibu: Aende leo kumrudisha nyumbani, kisha aungame.

Bikira Maria, aliyemlaza Mwanawe horini, atuombee. Amina.