Ng'ombe, Kibanja na Jirani: Kagera Baada ya Vita



Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Daraja la Kyaka lilivunjwa, wananchi wakakimbilia kusini, na mifugo yao ikaswagwa kuelekea Uganda. Vita vilipokwisha mwaka 1979, Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18. Kwa waliorudi vibanjani, miezi hiyo ilikuwa michache mno.

Mgomba una neema yake: ukikatwa, huchipua tena shinani. Lakini udongo wa Buhaya, sehemu nyingi, ni maskini. Kibanja hustawi kwa samadi. Asiye na ng'ombe huona mikungu ikizidi kuwa midogo mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kuporwa mifugo hakukuwa hasara ya maziwa tu. Ilikuwa njaa ya miaka ya mbele.

Hapo ndipo unapoonekana uzito wa mpango wa "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe", ulioenea Kagera na mikoa mingine katika miaka iliyofuata, makanisa yakiwa miongoni mwa waliouendesha. Aliyepewa mtamba hakudaiwa fedha. Alidaiwa ndama jike, ambaye alikwenda kwa jirani.

Hata hivyo, ng'ombe wa zizini hukatiwa majani kila siku. UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, uliacha nyumba za bibi na wajukuu. Katika nyumba hizo, mtamba asiye na jirani wa kumkatia majani alikuwa mzigo.