Bei ya Ng'ombe wa Moyale



Pengo la kipato nchini Kenya husimuliwa kana kwamba ni majaliwa: huku watu wachapakazi, kule wafugaji waliokataa kubadilika. Ninashikilia kwamba sehemu kubwa ya pengo hilo iliamuliwa mezani, kwa maandishi.

Mkoloni ndiye aliyeanza. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, walowezi wakaifuata. Sheria ya ardhi ya 1915 ikawapa mikataba ya miaka 999. Hayo yanajulikana. Yasiyosemwa vya kutosha ni ya 1965, bendera ikiwa tayari ni yetu. Waraka wa Bunge Nambari 10, uliotoka katika wizara ya Tom Mboya, ulielekeza fedha za maendeleo ziende mahali zitakapoongeza uzalishaji zaidi: penye rutuba, mvua, reli na barabara. Yaani pale pale alipojenga mkoloni. Wengine wangefikiwa na faida baadaye. Mwanauchumi Barack Obama, babake aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliukosoa waraka huo mwaka uo huo.

Kaskazini ikasubiri, tena chini ya sheria za hali ya hatari zilizodumu hadi 1991. Mtazameni ng'ombe mmoja wa Moyale kabla lami haijafika. Lori lilichukua siku kadhaa kwenda Nairobi, vijana wameketi juu ya vyuma, mifugo imebanana chini. Mnyama akilala, wenzake humkanyaga, na asipoinuliwa hufa. Aliyesalimika alishuka amekonda. Mnunuzi aliyajua hayo yote kabla hajakanyaga mnadani, akayakata kwenye bei. Mfugaji ndiye aliyeilipia barabara ambayo haikuwapo. Bei hiyo duni ikageuka karo isiyotimia, binti akarudishwa nyumbani, na alipokua hakuwa na cheti cha kuombea kazi. Wataalamu walipokuja kupima, wakaandika kwamba eneo lina uwezo mdogo. Waraka ukawa umejithibitisha wenyewe!

Katiba ya 2010 ilikiri dhuluma hiyo. Kifungu cha 204 kinatenga nusu asilimia ya mapato ya serikali kila mwaka, yaani Hazina ya Usawazishaji, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Lakini nusu hiyo hukokotolewa kwa hesabu zilizokwisha kukaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa, na Bunge likichelewa, maskini hugawiwa kwa kipimo cha mapato ya zamani, yaliyokuwa madogo. Hilo linaniuma kuliko uchache wenyewe wa fedha, kwa kuwa halihitaji shilingi mpya kurekebishwa. Linahitaji kamati ikae na kumaliza kazi yake.

Kifungu hicho kinakoma 2030, ingawa Bunge lina mamlaka ya kukirefusha. Naiomba idara yangu ianze sasa kuhesabu, kata kwa kata, visima vilivyochimbwa na vinavyotoa maji hadi leo, ili mjadala wa kukirefusha ukifika Bungeni wabunge wa kaskazini waingie na takwimu mkononi.