Gharama Isiyoandikiwa Risiti: Hotuba ya Mgeni Rasmi kwa Wafanyabiashara wa Nafaka, Kibaigwa

 

Risala yenu nimeisikia. Mmelalamikia ushuru wa mazao, na ni haki yenu. Lakini ushuru una kiwango, una risiti, na mtu anaujua kabla gari halijaondoka. Tena mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa. Mbona bado mnalia? Kwa sababu kinachowamaliza ni kungoja.

Asubuhi hii, nilipokuwa nikipita mabandani, dereva mmoja wa semitrela alinitolea bunda la karatasi lililofungwa kwa mpira: stakabadhi ya ushuru, kibali cha kupeleka nafaka nje, cheti cha usafi wa mimea, cheti cha mionzi. Msicheke, mahindi nayo hupimwa mionzi. Nikamwuliza huko njiani nani anazisoma zote. Akanijibu, “Mzee, hawazisomi, wanazihesabu.”

Kila karatasi ina ofisi yake, na moja ikikwama zote zinalala. Gari likilala mpakani Namanga, dereva na utingo wanakula, riba ya benki inatembea, na turubai likivuja mahindi yanashika unyevu. Hasara hiyo haina risiti, lakini ina mlipaji. Mnunuzi anayejua atakwama mpakani huikata mapema kwenye bei anayompa mkulima. Na mwenye magunia ishirini haendi mpakani kabisa, maana karatasi ni zilezile kwake na kwa mwenye tani thelathini. Mkubwa anazigawanya kwenye mzigo wake. Mdogo zinamtoa sokoni. Hivyo kanuni tunayodhani inawabana matajiri huishia kuwalinda.

Wazee mliopo hapa mnayakumbuka mageti ya nafaka. Hadi mwaka 1984 mtu hakuruhusiwa kusafirisha zaidi ya kilo 30 kwa hiari yake. Mwaka huo kikomo kikapandishwa hadi kilo 500, na mwaka 1987 kikaondolewa. Je, kabla ya hapo mahindi hayakuwa yakisafiri? Yalisafiri usiku, na mlaji wa mjini ndiye aliyelipia hofu ya msafirishaji.

Tukasahau. Mwaka 2017 tukazuia mahindi kwenda nje, kwa nia njema ya kulinda chakula. Rukwa na Ruvuma wakavuna vizuri, bei ikaporomoka. Mkulima mwenye deni la mbolea hangoji zuio liondolewe, anauza.

Serikali yenyewe imeliona tatizo. Mwaka 2018 ilitoa mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, uliokiri kwamba taasisi zetu zinagongana. Mwaka uliofuata tozo na ada 54 zikafutwa, na usimamizi wa usalama wa chakula ukahamishiwa Shirika la Viwango (TBS). Napongeza. Ila kufuta tozo ni rahisi kuliko kufuta foleni, kwa kuwa kila foleni ina mtu anayeishi kwayo.

Sisemi kila kanuni ifutwe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na kule Manyara, na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu hiyohiyo. Kipimo cha sumukuvu kibaki, tena kiletwe hapahapa sokoni, kifanyike mara moja, na majibu yake yaheshimiwe hadi mpakani. Mizani nayo ibaki. Wapenda lumbesa mliomo humu mnanielewa.

Sasa nije kwenye ombi lenu nisiloliunga mkono. Mnataka wanunuzi wa kigeni wabanwe zaidi. Amri ya Julai 2025 imekwisha kuwazuia wasio raia kununua mazao shambani, pamoja na biashara nyingine 14. Najua mliishangilia, na najua baadhi yao walikuwa wakiwapiga kumbo. Lakini mkulima wa Kiteto aliyekuwa na wanunuzi watano mlangoni akibakiwa na wawili, bei atapanga nani? Hamwezi kuomba geti la mpakani liondolewe, kisha mkaomba jingine lijengwe mlangoni kwa mkulima. Naona makofi yamepungua. Nilijua.

Watendaji, nina ombi moja tu. Kila ofisi inayotoa kibali ibandike ukutani idadi ya siku za kukitoa. Siku hizo zikipita bila jibu la maandishi, kibali kihesabiwe kimetolewa, na anayetaka kukizuia ndiye atafute sababu. Kwa sasa ni mwombaji anayezunguka na bahasha akitafuta sababu za kuruhusiwa. Jambo hili linahitaji kanuni kurekebishwa, hivyo waheshimiwa madiwani, lipelekeni juu kwa maandishi, nami nitalifuatilia.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba mkutano wenu umefunguliwa rasmi.